Neno Nililolisafisha katika Wosia wa Mzee Rubeni

Mkija kwangu kuuliza siri ya kazi ya ukalimani na uandishi wa karatasi za watu, nitawapa mapema msije mkapoteza soda yenu: uliza jina. Basi. Mtu akikwambia "mutoto wangu", uliza jina. Akisema "jirani", uliza jina. Akisema "Mungu", hapo unaweza kuendelea kuandika. Mimi nilifika Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda, na shahada ya isimu kutoka chuo kikuu cha kwetu Kivu Kusini, Kongo, na katika miaka yote ya masomo hakuna profesa aliyenifundisha kuuliza jina. Walinifundisha mambo makubwa zaidi, ambayo sijapata mteja wake hadi leo.

Nawaandikia ninyi vijana kwa sababu mmebaki na kazi yangu. Nilistaafu mwaka 2015 nikiwa bado na meno yote. Sikuzeeka mimi, ilizeeka kazi. Siku moja nilimkuta msichana akiandika ombi lake kwenye simu huku ameegemea meza yangu, kwa kuwa meza yangu ilikuwa na kivuli kizuri. Nikajua saa imefika.

Nilipoingia mwaka 1996, wenzangu walibeba sufuria, blanketi na mbegu za maharage. Mimi nilibeba kamusi na kitabu cha sarufi ya Kiswahili sanifu. Kufika jioni ya kwanza sote tulikwisha kujua nani ana akili. Sufuria niliazima kila siku. Kamusi hakuna aliyekuja kuiazima.

Lakini ofisi zilipenda karatasi, na watu walihitaji mtu wa kuziandika. Nikaweka meza kijiji cha Kashojwa, karibu na Base Camp penye ofisi za kambi, na juu yake ubao: MTAALAMU WA LUGHA. BARUA, MAOMBI, WOSIA, TAFSIRI. Kwa bahati mbaya "mtaalamu" ni neno refu kwa mtu aliyetembea kutoka Ngarama na mzigo kichwani. Wote waliniita Sekretere.

Ugonjwa wangu ulikuwa huu: niliona aibu kwa Kiswahili chetu. Sisi wa Kivu tunasema fasi kwa mahali, batu kwa watu, mingi kwa nyingi, na hatuoni kosa. Wenyeji wa Uganda nao wana chao cha jeshi, polisi na soko, ambamo nomino zote duniani zimeingizwa katika ngeli moja, ngeli ya "iko". Mimi nilijiona daktari katikati ya wagonjwa wa aina mbili. Mteja alisema, mimi nilisafisha. Mjane alikuja na maneno yake yamejaa machozi na vumbi, akaondoka na barua iliyopigwa pasi.

Aliyejaribu kunitibu ni Mzee Bosco, Mnyankore, karani mstaafu wa jeshi, aliyekuwa na taipureta kwenye baraza moja upande wa Nyamitanga, Mbarara. Nilikuwa nampelekea barua zangu azipige chapa. Siku moja alisoma nusu ya barua, akavua miwani, akaniita sebo, yaani bwana.

"Sebo, huyu mama alisema hivi?"

"Alisema vibaya zaidi, Afande. Nimerekebisha."

"Nani alituma wewe kurekebisha? Yeye iko nalia, wewe iko nahubiri. Andika vile yeye alisema."

Nilicheka moyoni. Mtu anayesema "yeye iko nalia" anifundishe mimi lugha!

Na msinione bure kabisa, kuna siku elimu yangu ilifaa. Nilikuwa kwenye benchi la ofisi moja nikisubiri zamu, mlango uko wazi, ndani mama wa kwetu anahojiwa. Mkalimani alikuwa kijana wa Kiganda, mpole, amevaa fulana ya semina. Mama akasema, "Bwana yangu ananipika kila siku." Kijana akamweleza afisa kwamba mume wa mama huyu humpikia kila siku. Afisa akatabasamu, akaandika, akauliza kwa nini basi amemkimbia mume mwema hivyo. Niliinuka bila kuitwa. "Kwetu kupika ni kupiga!" nikapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Anapigwa, jamani!" Afisa akafuta mistari mitatu, na yule mama akanitazama kama mtu aliyetolewa kisimani.

Nilitoka pale kichwa kimevimba hata kofia ikanikataa. Na ni kichwa hichohicho kilichovimba nilichokwenda nacho kwa Mzee Rubeni.

Mzee Rubeni alikuwa mkulima wa milima ya juu ya Uvira, Mprotestanti wa kusali mara tatu kwa siku na kutania saa zilizobaki. Alifika Nakivale na watu wawili. Mmoja ni mwanawe mdogo, Elia. Wa pili ni mjukuu wake, Furaha, mtoto wa mwanawe mkubwa aliyeuawa vitani. Elia hakukaa. Alihamia Mbarara kuuza nguo, akapanga chumba Nyamitanga, akawa anakuja kambini Krismasi amevaa miwani ya jua. Mzee alibaki akichoma matofali na kulima maharage mpaka akanunua mashine ya kusaga, ya dizeli, yenye moshi na kelele zake zote. Furaha alikulia kando ya mashine hiyo. Akiwa na miaka kumi na sita aliweza kujua kwa kusikia tu kwamba mkanda umelegea. Wanawake wa Kashojwa wakifika na mahindi walimwita yeye kwanza, halafu ndipo wakamsalimu mzee.

Mzee aliniita mchana mmoja, mashine imezimwa ili tusikilizane. Furaha alikuwa akifagia unga sakafuni.

"Sekretere, andika. Shamba usiweke humo, ile ni ya Leta."

Leta ni serikali. Niliandika "serikali" nikafurahi.

"Nyumba, bagawane. Elia mumupatie Biblia yangu, njo kitu anakosa." Njo ni ndiyo; nikaandika "ndicho".

"Na mashine, muzee?"

"Hii mashine nilitafuta na mikono yangu. Haiko ya baba yangu, haiko ya ukoo. Minaachia bibi yangu."

Akanyoosha kidevu mbele. Mbele palikuwa na mashine, mlango, na Furaha na ufagio wake. Mimi nilikuwa nimeinamia daftari, nikiwaza sarufi. Katika rasimu niliandika kama alivyosema: bibi yangu. Lakini nilipoinakili kwenye karatasi safi kalamu ilisimama. Katika Kiswahili sanifu, nilijiambia, bibi ni mama wa mzazi wako. Mzee huyu wa watu, kwa kutojua, anaonyesha kwamba mashine inakwenda kwa nyanya yake! Kwetu bibi ni mke, basi nikamwokoa. Nikaandika: "Mashine ya kusaga namwachia mke wangu."

Huyo mke yuko wapi, sikuuliza. Jina lake nani, sikuuliza.

Nilimsomea kwa sauti. Kufika pale akanikatiza.

"Mke? Njo nini?"

"Ni bibi, muzee. Kwa Kiswahili safi."

Akanitazama kwa heshima ambayo mpaka leo nikiikumbuka natafuta mahali pa kuficha uso. "Kama ni vilevile, sawa," akasema, akatoa kidole. (Kidole cha mkulima, vijana, kifuteni kwa mafuta ya taa kabla ya wino, la sivyo mtapata picha ya udongo.) Mashahidi walikuwa wawili. Wa kwanza ni mchungaji, aliyefika mwishoni na kuuliza jambo moja tu, kama jina la kanisa limeandikwa kwa ukamilifu. Wa pili ni Mama Sifa, jirani, asiyejua kusoma, aliyeweka kidole baada ya kuhakikisha kwamba mzee ameweka chake.

Mzee Rubeni aliishi miaka kadhaa baada ya hapo. Alipofariki, wosia ulifunguliwa siku ya tatu baada ya mazishi. Aliyeusoma ni Elia, kwa sauti nzuri, bila kukwama. Alisoma habari ya Biblia kwa haraka kidogo. Alipofika kwenye mashine akasimama, akavua miwani ya jua kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Mke wangu? Mama yangu tulimuzika njiani, mbele hatujavuka mupaka. Baba anaachia mashine marehemu?"

 Elia hakungoja jibu. Kufika mchana alikuwa amefunga kibanda cha mashine kwa kufuli mpya, na hoja zake zilikuwa zimepangwa kama nguo zake sokoni. Zawadi iliyoachiwa mtu aliyekufa haina mwenyewe, kwa hiyo inarudi kwa mtoto wa marehemu, na mtoto aliye hai ni yeye. Tena mjukuu ambaye baba yake amekufa hana njia ya kupitia ili arithi. Na juu ya yote, mashine ni mali ya ukoo.

Furaha alikuja kwenye meza yangu kumsemea koko wake, yaani babu, unga bado umo kwenye nyusi zake.

"Sekretere, koko alisema na mimi nilisikia. Nilikuwa nafagia. Alisema bibi yangu."

"Ndiyo, mwanangu. Na mimi nimeandika mke."

"Lakini bibi yake ni mimi!"

Hapo, vijana, nilihisi kamusi yote ikinidondokea kichwani. Mimi ni mtoto wa kulekule. Babu yangu mwenyewe aliwaita dada zangu wote bibi zake. Kila babu wa kwetu humwita mjukuu wa kike bibi, naye mjukuu humwita bwana wangu, humkatalia chakula, humtishia talaka mbele ya wageni, na wageni hucheka. Jambo hilo nililijua kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Ilibidi nisome miaka mingi ndipo nikasahau.

Rasimu niliipata chini ya sanduku, daftari la bluu, panya wamekula pembe lakini neno limesalimika: bibi yangu. Sasa ilibaki kazi ndogo ya kusimama mbele ya watu na kusema kwamba Mtaalamu wa Lugha alibadilisha neno la mteja. Nilijishauri wiki nzima. Nilijiambia huenda Elia atalainika. Nilijiambia huenda daftari litaonekana la kughushi. Nilijiambia mambo mengi, yote kwa Kiswahili safi. Mwishowe nikaenda Mbarara kwa Mzee Bosco, nikitumaini atanipa njia ya pembeni. Aliitazama rasimu kwa muda, hakunicheka, na hilo ndilo lililoniuma.

"Kale," alisema, yaani sawa. "Peleka hii daftari. Na wewe kwenda pamoja nayo."

Kikao kilifanyika mchana, katika kanisa la turubai pale Kashojwa. Aliyekisimamia ni Madam Kemigisha, mwanasheria wa kusuluhisha aliyetoka Mbarara. Kiswahili chake alikiokota katika kambi ya jeshi, alikokuwa baba yake askari. Nusu ya Kashojwa ilihudhuria. Si kwa kupenda sheria. Mashine ilikuwa imefungwa na watu wamechoka kula mahindi ya kuchemsha.

Alianza na ukoo.

"Sebo Elia, unasema hii mashine ni ya ukoo. Kwa nini?"

"Madam, baba alipata baraka ya ng'ombe za babu. Bila zile ng'ombe hangekuwa mutu wa kununua mashine."

"Hizo ng'ombe iko wapi?"

"Zilibaki Kongo. Baliziiba."

"Kwa hivyo mashine ilinunuliwa na ng'ombe ambayo wezi ilikula?"

Kanisa likacheka. Mchungaji alicheka kisha akakohoa. Madam akaendelea bila kutabasamu: "Mali ya babu wa babu ni habari ingine. Mali ambayo mutu alitafuta mwenyewe, anaandika kwa wosia anapatia nani, hata kama ni mujukuu. Sharti asitupe wale anawalisha. Wewe, mzee alikuwa anakulisha?"

"Mimi ni mufanyabiashara!" Elia akasema kwa uchungu.

"Asante. Nimeandika. Sasa twende kwa neno."

Nikasimama.  Nilisoma rasimu, nikasema mzee alitamka bibi, na mimi ndiye niliyeandika mke, kwa kujiona najua zaidi. Kwenye mabenchi ya nyuma mtu akanong'ona, "Sekretere, aibu." Hakukosea hata herufi.

Nilidhani Elia atasema daftari ni la uongo. Alifanya vizuri zaidi. Kabla ya kuhamia Mbarara alikuwa amewahi kuhudhuria masomo yangu ya Kiswahili sanifu, niliyoyatoa bure jioni kwa watu wasioyaomba. Alisimama, akanielekezea kidole.

"Huyuhuyu Sekretere njo alitufundisha! Alituandikia ubaoni: bibi si mke, bibi ni nyanya. Sasa baba aliachia mashine nyanya yake?"

"Mzee alikufa na miaka ngapi?" Madam akauliza.

"Makumi munane na kitu."

"Na huyo nyanya yake, tumuite?"

Watu walicheka mpaka turubai likatikisika. Nilicheka nami, ingawa ndevu zilizokuwa zikiungua ni zangu. "Madam," nikasema, "kamusi haikukosea. Nilikosea mimi kuipeleka fasi haikualikwa." Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema "fasi" hadharani tangu nipate shahada.

Ndipo Mama Sifa akainuka bila kuruhusiwa.

"Siku zote muzee alimuita bibi! Anatoka shamba, anapaza sauti: 'Bibi yangu, leo sijakula, unataka niowe mwingine?' Na uyu mutoto anamujibu: 'Owa tu, bwana! Uyo mwingine anajua kukaza mukanda?' Sisi wote tulisikia."

"Mama Sifa ni rafiki yao," Elia akasema. "Wanasaga bure kule."

Madam akaweka kalamu chini. Akatutazama kwa huruma, akasema polepole kwamba ana daftari lililoliwa na panya, mwandishi aliyekiri kubadilisha maneno, na jirani mmoja. Kwa hayo tu hawezi kumaliza; itabidi faili liende mahakamani Mbarara, na huko likikaa miaka, likae. Nilimtazama Furaha. Alikuwa amekaa mikono mapajani. Bila mashine ile hakuwa na kitu kingine chochote Nakivale isipokuwa nusu ya nyumba na kadi ya mgao. Akasimama.

"Baba mudogo," akamwambia Elia kwa heshima kabisa, "basi leo nipatie tu ufunguo niingie nisafishe jiwe. Panya wameingia ndani. Mashine ikuwe ya nani, panya hawajui."

Sijui ni upole wake au ni vile watu walivyoguna kumuunga mkono. Elia alipasuka.

"Nyamaza wewe! Tangu baba anakufa, hii bibi yake inatusumbua tu, inatusumbua—"

Akasimama na mdomo wazi. Turubai lilipiga kofi moja kwa upepo. 

"Rudia, sebo," Madam akasema taratibu.

"Nimesema... uyu mutoto anatusumbua."

"Hapana. Kabla ya mutoto."

Mama Sifa akapiga vigelegele ambavyo nadhani vilisikika mpaka Base Camp. Elia alikaa, akashika kichwa, kisha, nawaambia kweli, akaanza kucheka mwenyewe, kicheko cha mtu aliyekumbuka sauti ya baba yake. "Alimuita vile kweli," akasema. "Hata mimi alikuwa ananituma: nenda uitie bibi yangu."

Madam akanigeukia. "Wewe, Mtaalamu. Andika vile yeye alisema. Usisafishe."

Nikaandika: *hii bibi yake inatusumbua tu.* Ngeli mbovu kuanzia kichwani hadi miguuni. Sijawahi kuandika sentensi bora kuliko hiyo, na wala si yangu. Elia akaweka ufunguo juu ya meza.

Karatasi zilikwenda Mbarara, zikarudi kwa sababu hazikuwa na muhuri. Zikaenda na muhuri, zikarudi kwa sababu muhuri umefunika sahihi. Lakini jiwe lilikuwa linasaga tangu jioni ileile, na karatasi zilipopita mwishowe, Kashojwa ilikuwa imekwisha kuzisahau. Elia alichukua Biblia yake. Akija kambini huleta mahindi yake kusagwa na hupanga foleni, ingawa Furaha humwambia apite mbele.

Mimi nilishusha ubao wangu nikaupindua. Upande wa nyuma niliandika tu: MWANDISHI. Na tangu siku hiyo kila aliyeketi mbele yangu alichoka kwa swali moja: jina nani? Huyo dada, jina nani? Huyo bwana, ndiye bwana au ni mjukuu?

Kabla sijastaafu, Furaha alikuja na kipande cha mbao na kopo la rangi nyekundu. Alitaka kibao cha kutundika mlangoni.

"Niandikie: MASHINE YA BIBI YA MUZEE."

"Bibi yupi? Jina?"

Akacheka. "Andika vile nimesema. Chini weka Furaha."

Nikachovya brashi. MASHINE YA BIBI ilikwenda vizuri. Kisha mkono ukakwama. Bibi ni mtu, ngeli ya kwanza. Ni bibi *wa*. Na ni *mzee*, hakuna "u" pale. Nilimsikia profesa wangu akikohoa kutoka ng'ambo ya mpaka. Furaha alisimama nyuma yangu, mikono kiunoni, kama anayesikiliza mkanda.

Nikaandika YA. Nikaandika MUZEE. Mkono uliniwasha mpaka jioni.